Kituo kinamwambia mtoto "kojoa humo humo", kisha kinamzomea kikojozi

Wadau, naandika nikiwa na hasira. Hili jambo la kituo cha kulelea watoto mchana limenikaa kooni wiki mbili na nisipolisema nitapasuka.

Mwanangu wa kike ana miaka miwili na miezi saba. Alipofika miwili na miezi mitatu niliona mwenyewe kwamba yuko tayari kuacha pampasi. Akilala mchana anaamka mkavu, anaweza kukaa saa mbili bila kulowa, na akijisaidia tu anakuja anaivuta kiunoni, anataka itoke. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, yote, nikakaa naye nyumbani. Nilinunua poti ya plastiki, nikaiweka sebuleni anapoiona. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kupiga deki tu. Wiki ya pili akaanza kuwahi mara moja moja. Wiki ya tatu anasema "mama, susu", anakimbia, anashusha kibukta chake cha mpira kiunoni, anakaa, akimaliza anamwita baba yake aje aone. Baba yake anaacha chakula anaenda kuangalia mkojo. Ndivyo tulivyofurahi.

Likizo ikaisha, nikamrudisha kituoni. Nilipeleka chupi sita, bukta zisizo na vifungo wala zipu ili aweze kuzishusha mwenyewe, na poti yake. Nikawaeleza dalili zake: akitaka haja ndogo anabana miguu, haja kubwa anajitenga pembeni anakaa kimya. Matroni akaniambia wao wanataka pampasi mpaka miaka mitatu, maana watoto ni wengi. Nikabishana naye, akakubali. Jioni namfuata mtoto nakuta amevalishwa pampasi, na chupi zote sita ziko kwenye begi, kavu, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikauliza, mtoto hasemi? Dada wa darasani akanijibu kwa upole kabisa, bila kuona kosa lolote: "Anasema, mama. Tunamwambia kojoa humo humo, si umevaa pampasi."

Rudieni kusoma hayo maneno. Mtoto amejifunza kuusikia mwili wake, ametafuta neno, amemwendea mtu mzima akamwambia. Anajibiwa ajikojolee. Miezi miwili nzima, na mimi nikienda kulalamika naahidiwa "tutajitahidi mama". Poti yake niliikuta stoo, wameweka vibanio vya nguo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwezi uliopita wakamhamisha darasa, eti ana umbo kubwa. Darasa hilo pampasi hairuhusiwi. Yaani miezi miwili wamemfundisha kwamba kukojoa alipokaa ndiyo sahihi, halafu asubuhi moja bila maandalizi hilo hilo limekuwa kosa.

Jumatano moja nilitoka kazini mapema, nikafika kituoni saa nane mchana. Wenzake wamekaa kwenye mkeka wanakunywa uji. Yeye amesimamishwa ukutani, amevaa fulana tu, chini hana kitu, ameshika chupi yake iliyolowa kwa ncha za vidole. Dada anauliza, "Kikojozi ni nani?" na darasa zima linaitikia jina la mwanangu. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia sakafu. Aliponiona mlangoni, akaificha ile chupi nyuma ya mgongo wake.

Alinificha mimi! Mimi ambaye miezi mitatu iliyopita alikuwa ananivuta mkono nikaone poti.

Tangu siku ile mtoto amefunga choo. Haja ikimjia anajibanza nyuma ya pazia, anasimama kwa vidole, anakaza miguu mpaka jasho linamtoka, anaibana irudi ndani. Siku ya tano nilimpeleka hospitali. Daktari alinieleza kitu ambacho natamani kila mlezi wa kituo akijue: mtoto akibana kinyesi kwa hofu kinakaa ndani kinakuwa kigumu, siku kikitoka kinamuumiza, akiumia anabana zaidi. Baadaye kinyesi laini kinaanza kupita pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila mtoto mwenyewe kujua, na hapo watu wazima wanasema ni kiburi, wanamchapa. Tumepewa dawa ya kulainisha choo, na kuna papai na maji mengi kila siku. Usiku tumerudi kwenye pampasi. Usiku sina shaka nao, watoto wengi hukauka usiku muda mrefu baada ya kukauka mchana. Kinachoniuma ni mchana, maana mchana alikuwa ameshaushinda.

Na msije mkamtupia lawama zote yule dada wa darasani. Yuko peke yake na watoto kumi na tisa. Choo ni kimoja, cha kuchuchumaa, kimejengwa kwa mguu wa mtu mzima, kina giza, na shimo lake mtoto wa miaka miwili akiliangalia anaona atatumbukia. Bomba la kunawia liko usawa wa kifua changu. Hata angekuwa na moyo wa malaika asingeweza kupeleka watoto kumi na tisa mmoja mmoja, kuwafundisha wa kike kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, kunawisha kila mkono kwa sabuni. Mwenye kituo anajua. Anachukua ada kwa kila kichwa na haongezi mtu. Nilipomfuata akaniambia, "Mama, watoto wa siku hizi mnawadekeza, sisi tulichapwa na tukakua."

Mimi sikuchapwa. Bibi yangu ni Mdigo wa Tanga, na namkumbuka akiwalea wadogo zangu: anakaa chini, ananyoosha miguu, anampakata mtoto mchanga katikati ya miguu yake na kumtolea mlio mdomoni mpaka mkojo utoke. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti juu ya akina mama wa Kidigo na njia hiyo hiyo, kwa sababu watoto wao walikuwa wakielewa ndani ya miezi michache tu ya mwanzo. Sisemi vituo vifanye hivyo, bibi alikuwa na mtoto mgongoni kutwa. Ila asitokee mtu kuniambia fimbo na kuzomea ndiyo malezi yetu ya asili. Kwa bibi mtoto akikojoa mkekani, mkeka unaanikwa, basi.

Sheria ipo pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha mtoto. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na mabango tumeyaona. Kumsimamisha mtoto wa miaka miwili uchi mbele ya wenzake kunaingia wapi kwenye makuzi?

NYONGEZA: Kuna mdau ameuliza mbona sikumtoa siku ile ile. Nilimtoa, kaka. Yuko kwa dada yangu sasa, na mimi nalipa nauli mbili kila siku. Wengine mmeuliza kama nimeripoti. Nimepiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haikati salio, wamenisikiliza vizuri na kuchukua maelezo. Jumatatu naenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, nataka pia kujua kama kituo kimesajiliwa. Jina la kituo sitaliweka hapa, msinisumbue inbox.

Ninachoomba kwenu: mwenye kufahamu kituo upande wa Tabata, Segerea au Kinyerezi chenye vyoo vidogo vya watoto au poti zinazotumika kweli, bomba la chini, na mlezi ambaye mtoto akisema "susu" anainuka, aniambie. Umbali nitaumudu. Jana jioni kwa mara ya kwanza amekaa kwenye poti kwa dada yangu, akiwa amevaa nguo zake zote, dakika mbili hivi, halafu akanyanyuka. Hatukumwambia kitu.