Sail ni sailed, kwa nini go isiwe goed?

Nahodha wa Shela
Assalaam alaikum. Nina mashua hapa Lamu, nachukua wageni kuwapeleka Manda kuangalia magofu ya Takwa. Juzi nilikuwa nawahadithia wawili kwa Kiingereza jinsi tulivyongoja maji yajae ndipo tupite kwenye mikoko. Nikasema "we goed when the water comed". Bibi mmoja akanirekebisha kwa upole: went, came. Tangu siku hiyo nimeandika vitenzi 80 daftarini, kuanzia A hadi W. Usiku nakariri, asubuhi vimetoka vyote. Sail inakuwa sailed, anchor inakuwa anchored, sasa hivi vingine vina kanuni gani?

Mwalimu mstaafu, Malindi
Wa alaikum salaam, mwanangu. Kanuni moja haipo, ila koo zipo. Huo mpangilio wa alfabeti ndio unaokuchosha, maana umeiweka bring mbali na think, nazo ni ndugu. Vipange kwa sauti.

Anza na vinavyogeuza irabu: sing sang, ring rang, drink drank, swim swam, sink sank, begin began. Vitamke kwa nguvu ukiwa unapiga kasia. Kisha bring brought, buy bought, think thought, catch caught, teach taught. Gh iandike lakini usiitamke. Put, cut, hit na shut havibadiliki. Read nayo huandikwa vilevile, ila ya jana husomwa kama red, rangi nyekundu.

Went usiitafutie ukoo kwenye go. Ilikuwa ya kitenzi kingine cha zamani, wend, go ikaichukua ikawa yake. Na sisi tunayo yetu: twasema nilisoma, lakini kwenye kula ni nilikula, ile ku haitoki. Mgeni anayejifunza Kiswahili husumbuka papo hapo.

Muuza kanga, Lamu
Kaka, angalia na did. Mimi miaka nilikuwa nawauliza wateja "did you bought?" Did ndiyo li yetu, ikishaingia, kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: did you buy, I did not go. Huwezi kutia li mara mbili.

Nahodha wa Shela
Shikamoo mwalimu, na dada ahsante sana. Hiyo ya li imeniingia. Na sung je? Nimeiona pamoja na sang.

Mwalimu mstaafu, Malindi
Marahaba. Sung hutembea na have: I have sung, I have drunk, I have swum. Ukitaja jana, rudi kwenye sang. Tunga sentensi nikuone.

Nahodha wa Shela
Yesterday the tide came in and we went to Takwa. I brought water, they drank it, and two boys swam. I did not sink.

Mwalimu mstaafu, Malindi
Yote sahihi, hata did. Sasa niandikie hiyo safari tena, kila kitenzi kiwe na did not.