Naomba ushauri: rangi ya madini haisambai sawasawa kwenye sabuni

Wadau, naombeni msaada. Natengeneza sabuni za vipande nyumbani kwa mafuta ya nazi, mawese na kostiki soda, bila kupika. Natumia rangi za madini: oksidi ya chuma nyekundu, bluu ya ultramarini, na titani dioksidi kwa weupe. Nazipenda kwa kuwa zinastahimili ukali wa kostiki, tofauti na rangi nyingi za chakula ambazo hubadilika au kufifia, kwa hiyo sitaki kuziacha.

Nyekundu ndiyo inayonitesa. Nikikata sabuni nakuta vitone vyekundu vilivyokolea, na pembeni michirizi iliyopauka. Najua unga huu hauyeyuki, unatawanyika tu, ndiyo maana nauponda kwanza ndani ya mafuta mepesi kidogo mpaka uwe uji laini. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mafuta. Bluu naitendea hivyohivyo na inakaa vizuri kabisa!

Je, rangi niitie kwenye mafuta yote kabla ya maji ya kostiki, au nisubiri mchanganyiko uanze kuwa mzito? Blenda ya mkono inavunja mabonge kweli, au inaongeza mapovu tu?

Na nyeupe inaniachia mistari inayong'aa kama mishipa. Nashuku maji ni mengi na sabuni inapata joto sana kwenye kibati, ila kabla sijapunguza maji ningependa kusikia kutoka kwa aliyewahi kuimaliza shida hii. Mlipunguza kwa kiasi gani?