Ngoma ya kwanza, laki tatu mkononi: Spotify na wenzake, YouTube au redio?

Kinanda_Kibovu
Wakuu habari za jioni. Ngoma ipo tayari, nina laki tatu ya kuisukuma. Nilipie msambazaji aipeleke Spotify, Boomplay na Apple Music, au nipige video ya bei chee niiweke YouTube, au nizunguke redioni? Nataka kuachia Ijumaa.

Mama_Mikseri
Ijumaa hii hii? Hujasema ni muziki gani, uko wapi, biti umeitoa wapi, kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) unacho au huna. Laki tatu ya singeli Dar na laki tatu ya gospo Mbeya hazitumiki sawa. Jaza hayo kwanza.

FundiKava
Ijumaa sahau. Ukitaka wahariri wa Spotify, wale wanaopanga orodha za nyimbo, waisikilize ngoma, unaiombea ndani ya akaunti yako ya msanii angalau siku 7 kabla haijatoka, na kabla ya hapo msambazaji naye anahitaji siku zake kuifikisha. Weka tarehe wiki 4 mbele.
Kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, isiwe na namba ya simu, jina la Instagram wala nembo ya mtandao wowote. Wengi wanarudishiwa kazi kwa hilo tu. Sauti peleka WAV, faili lisilopunguzwa ubora, iliyotoka studio. Usichukue MP3 ukaigeuza WAV, kilichokatwa hakirudi.
Msambazaji: DistroKid unalipa kila mwaka, ukiacha kulipa ngoma inaweza kushushwa. CD Baby unalipa mara moja kwa kila ngoma, ila wanakata asilimia 9 ya mapato. Kwa mwenye ngoma moja naona huyu wa pili.

Mzee_wa_Kigodoro
Spotify ya nini? Tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti. Audiomack unapandisha mwenyewe bure. Halafu nunua flashi kumi, wape madj wa mtaani. Weka MP3 ya 320 kbps, ile ya ubora wa juu, jina la faili liwe msanii na wimbo, siyo "final mpya 3". Tengeneza na toleo linaloanza na mdundo mtupu kabla ya sauti, la sivyo DJ hana pa kuunganishia, anairuka.

Wa_Rongai
Huku Kenya msanii asiye na lebo hasahau Skiza, ule wimbo wa Safaricom anaousikia anayekupigia simu. Mara nyingi huendi Safaricom mwenyewe, unapitia kampuni yenye mkataba nao. Kipande kianzie kwenye kiitikio, maana anayepiga simu anasikia sekunde chache kabla hujapokea. Ukianza na gitaa la polepole umepoteza. Soma pia asilimia ya hiyo kampuni kabla hujasaini.

Kinanda_Kibovu
Ni singeli, niko Temeke. Biti niliishusha YouTube, iliandikwa bure.

Mama_Mikseri
Nilijua tu. Dogo, "bure" ya YouTube mara nyingi maana yake uimbie, usiuzie. Kuna ngoma moja ya hapa mjini ilikwenda hivyo hivyo. Biti ya bure, msanii akampa msambazaji, akaweka tiki kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti ni ya nani, bila kusoma. Content ID inataka sauti iwe yako peke yako, na biti ile ilikuwa imeimbiwa na watu wengi. Mfumo ukaanza kudai video za wenzake wote kana kwamba wamemwibia yeye. Mwenye biti akalalamika, msambazaji akaishusha ngoma kila mahali na kuzuia pesa. Kumbe msanii huyo pia alikuwa amenunua "wasikilizaji" kwa mtu wa WhatsApp. Hao ni roboti. Spotify ikiwagundua wengi inamtoza faini msambazaji, naye anaihamishia kwa msanii. Ngoma haikurudi.
Lipia leseni, upate karatasi yenye jina lako, tarehe na kikomo cha matumizi. Na Content ID usiiguse mpaka uwe na biti ya kwako peke yako.

Mzee_wa_Kigodoro
Wenye studio mnapenda kutisha watu ili waje kununua biti kwenu.

Mama_Mikseri
Mzee, ningekuwa nauza ningeweka bei.

FundiKava
Nyongeza: ISRC, ile namba ya utambulisho wa ngoma yenye herufi na tarakimu jumla 12, itunze. Ukihama msambazaji unapeleka sauti ile ile kwa ISRC ile ile, unasubiri ionekane, ndipo unashusha ya zamani. Ukianza kwa kushusha unaweza kupoteza hesabu yote. Na mwambie fundi asiibane sana ili ipige kwa nguvu, Spotify kwa kawaida inazishusha ngoma zenye sauti kubwa mpaka karibu −14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Mzee_wa_Kigodoro
Singeli kwenye −14 ni uji! Spika za kigodoro hazina LUFS.

Mama_Mikseri
Hapo nakubaliana na mzee. Masta, yaani toleo la mwisho la sauti, ziwe mbili: ya DJ ibane utakavyo, ya mtandaoni acha kilele −1 dB, kwa sababu ikigeuzwa kuwa faili dogo vilele vinapanda na kukwaruza.

Wa_Rongai
Masta mbili kwa laki tatu, na video je?

Kinanda_Kibovu
Asanteni. Sasa huyu mwenye biti nampataje? Kule jina lake ni herufi tu, hana barua pepe, na hajaweka kitu tangu 2019.

Mzee_wa_Kigodoro
Temeke nzima umekosa mpiga kinanda?