Qualcomm au InterDigital: ipi inalinda mrabaha wake vizuri zaidi?

Mwanahisa_Tanga: Wakuu, nina akiba kidogo nataka kuiweka kwenye kampuni inayokula mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza (haki za uvumbuzi) za simu. Nimebakiza mbili. Qualcomm inauza chipu na kutoza leseni. InterDigital haiuzi kifaa chochote, ni utafiti na leseni tu. Moyo uko Qualcomm, ila kesi zake zinanitisha.

Kibubu: Kesi ndiyo kazi yenyewe, mkuu. Mwaka 2017 Apple iliishtaki Qualcomm, na viwanda vinavyoiundia iPhone vikagoma kulipa mrabaha. Miaka miwili wenye hisa tulikaa roho juu. Aprili 2019 wakapatana, kesi ndiyo kwanza imeanza San Diego. Siku hiyo hisa ilipanda zaidi ya asilimia 20, na maafikiano yakaingiza dola bilioni 4.7. Hatujamaliza kushangilia, Mei, kwenye kesi nyingine, jaji Lucy Koh akaamua kwamba leseni za Qualcomm zinavunja sheria ya ushindani, hisa ikaporomoka. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Mimi niliuza Mei. Msiniulize.

DadaHesabu: Pole Kibubu 😂 Mimi mahakama siziangalii sana, naangalia tarehe za mikataba. InterDigital na Samsung walishindwa kuelewana bei, wakawaachia wasuluhishi. 2025 ikatoka dola bilioni 1.05 kwa miaka minane. Hiyo ni kama milioni 131 kwa mwaka, simu ziuzike zisiuzike. Apple nayo ilihuisha mkataba 2022 kwa miaka saba. Na wakaidi wanafuatwa: Lenovo iliamriwa na mahakama ya London kulipia hata simu za tangu 2007, na rufaa ya 2024 ikafikisha deni dola milioni 240.2 pamoja na riba. Tatizo la InterDigital ni kama nyumba yenye wapangaji wakubwa wachache. Mmoja akigoma, mwenye nyumba analala njaa.

Bwana_Riba: Ndiyo maana nipo Qualcomm. Mwaka wa fedha 2024 leseni zilikuwa kama sehemu moja ya saba ya mapato yake, lakini takribani asilimia 70 ya pesa hizo hubaki faida kabla ya kodi. Chipu hazifiki nusu ya hapo.

Mwanahisa_Tanga: Na mkataba wa leseni wa Apple na Qualcomm unafika hadi Machi 2027. Labda nisubiri nione watakavyohuisha.

Kibubu: Subiri tu. Na mimi nilisema hivyohivyo baada ya kuuza.