Uyoga wa njia ya Sikonge au mamama wa kupandwa? Mmoja umenuka mzoga

MwanaUnyanyembe: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tuna kipaimara cha binti yetu hapa Tabora, wageni kama arobaini, na mama mkwe ameomba uyoga usikosekane. Kuna mama anauza kando ya barabara ya Sikonge, kaniwekea sado tatu za porini, elfu sita kila sado. Na kuna kijana hapa mjini anapanda uyoga aina ya mamama, kilo elfu kumi. Nilishaamua wa porini, ila jana nilichukua fungu la kujaribu, nikakuta mmoja unanuka mzoga mpaka mke wangu akatoa sufuria nje. Ule ni wa sumu? Ninunue au niache?

Mzee wa Mizinga: Picha iko wapi? "Unanuka" peke yake haitoshi. Ulinuka ulipoupokea, au baada ya kulala kwenye ndoo yenye mfuniko? Uyoga wowote ukifungiwa usiku kucha unaharibika. Kofia rangi gani? Chini ya kofia kuna matamvua, ile mikunjo kama kurasa? Shina lina pete? Kwenye kitako kuna mfuko? Umechumwa kichuguuni au chini ya mitundu, ile miti ya miombo?

Mama Kulwa: Wa porini, mwanangu, usijiulize mara mbili. Mamama hana ladha, unatafuna tu. Uyoga wa kichuguu ukiungwa karanga, mama mkwe hatakusahau. Huo mmoja tupa, endelea na shughuli.

MwanaUnyanyembe: Picha sina, niliutupa shimoni. Ninachokumbuka: shina jeupe, lina vitundu vitundu kama sponji, juu utelezi wa kijani kama ugoro uliolowa. Matamvua sikuona. Chini ulikuwa na kifuko. Nzi walinifuata mpaka mlangoni. Nimesahau kusema pia, kwenye fungu kulikuwa na viduara vyeupe kama mayai ya kuku, sita hivi. Muuzaji alisema ni uyoga mchanga.

Mzee wa Mizinga: Hayo mayai ndiyo ulipaswa kuanza nayo! Huo unaonuka ni jamii ya Phallus. Ule utelezi ndio umebeba mbegu zake, na harufu ya mzoga ni ya kuwaita nzi waje walambe wazisambaze. Huku kwetu hauliwi, ingawa kwa sumu sio wa kutisha sana. Ila huanza kama yai, na uyoga wa jamii ya Amanita nao huanza kama yai. Amanita wapo tunaowala kila masika huku miomboni, na wapo wanaoua. Chukua yai, lipasue katikati toka juu hadi chini. Ukikuta utomvu mzito kama jeli umezunguka na kiini cha kijani, ni huyo wa kunuka. Ukiona umbo la uyoga mdogo limejichora ndani, kofia na shina, huyo anaweza kuwa Amanita, na kwa yai huwezi kujua ni yupi. Usiule.

KasuluDaima: Naomba nisikilizwe, maana naona watu wanaongelea harufu. Uyoga uliotuumiza sisi ulinukia vizuri. Shangazi aliuchuma mwenyewe, mtu aliyechuma toka utotoni. Mweupe, msafi, hauna hata mdudu. Tulikula saa moja usiku, watu watano. Usiku kucha kimya. Alfajiri ndipo kutapika na kuhara kulipoanza, wote kwa pamoja. Tukaenda zahanati, wakasema chakula kimechacha, wakatupa dawa za kuhara tukarudi. Kesho yake tukapata nafuu, shangazi akapika hata uji. Tukamshukuru Mungu. Siku ya tatu macho yake yakawa ya njano. Alipofika hospitali kubwa ini lilikuwa limeshaharibika. Tulimzika wiki ileile. Mdogo wangu alilazwa siku kumi na moja. Ndiyo maana nasema: kutapika kukichelewa masaa sita au zaidi baada ya kula ni hatari kuliko kutapika mapema, na ile nafuu ya katikati isimdanganye mtu. Nenda hospitali, taja uyoga, beba na mabaki.

MwanaUnyanyembe: Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

Mama Kulwa: Pole baba. Lakini sisi tunachemsha na kitunguu, kikigeuka cheusi tunamwaga. Na uyoga ulioliwa na konokono hauna neno.

Mzee wa Mizinga: Hapana, mama yangu, kwa heshima zote. Kitunguu hakijui sumu. Konokono anakula uyoga unaoua mtu na anatembea zake. Sumu ya Amanita haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Wa kichuguu mimi namtambua kwa mzizi: ung'oe taratibu, shina linaendelea chini kama mkia mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa. Na kitakoni hana mfuko. Muuzaji akiukata shina, ushahidi umebaki porini.

Mkulima Urambo: Siku hizi hata wa kichuguu ni wa kutafuta. Watoto wanachuma chochote wapate kujaza sado.

Mzee wa Mizinga: Mitundu imeisha kwa kuni za kukaushia tumbaku. Uyoga mwingi wa miombo unaishi na mizizi ya miti hiyo, ukikata mti umekata na uyoga.

Mkulima Urambo: Tumbaku ndiyo imesomesha watoto wangu. Na mkaa unaopikiwa mjini unatoka kwa miti gani? Mimi nimepanda miti ya kuni ekari mbili.

Mzee wa Mizinga: Umepanda mikaratusi. Uyoga wa miombo hauoti kwenye mikaratusi, wala nyuki wangu hawapati ua la mtundu.

Mkulima Urambo: Nyuki wanapenda sana ua la mkaratusi, mzee, njoo uone mwenyewe.

MwanaUnyanyembe: Wakuu, nimepasua yai moja. Ndani kuna jeli na kijani. Matano yaliyobaki sijayagusa. Mama wa Sikonge anasema zile sado tatu ni za kichuguu tupu, ila mashina yameshakatwa. Kijana wa mamama ana kilo nne tu mpaka Ijumaa.

Mama Kulwa: Mwambie akuchumie upya na mizizi yake. Kilo nne kwa watu arobaini ni kuonja.

KasuluDaima: Waonje.

Mkulima Urambo: Mzee wa Mizinga, asali ya mwaka huu unauzaje debe?