Ushauri wa haraka: nisafishie nini hedi zenye grisi, petroli au mafuta ya taa?

Kijana_Tabata: Wakuu, habari za mchana. Nimeanza kuuza spea za mtumba. Nachukua silinda hedi na gia boksi Gerezani zikiwa zimejaa grisi, nazisafisha, nawauzia mafundi. Petroli inatoa uchafu haraka ila kichwa kinauma. Mafuta ya taa bei iko juu. Nitumie nini? Nina mzigo wa kesho na usingizi hauji.

Spana14: Mafuta ya taa yalituacha tangu 2011, serikali ilipopandisha ushuru ili kukomesha uchakachuaji, yaani kuyachanganya kwenye dizeli na petroli. Zamani kwa mjomba Buguruni tulikuwa na beseni zima, unaloweka usiku, asubuhi unasugua kwa brashi ya waya. Vijana wa sasa kusugua hawataki.

Mama_Sabuni: Mwanangu, kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, na maji ya moto. Mimi ndiyo kazi yangu, hakuna mafuta yanayobaki.

FundiHedi: Mama shikamoo, ila hapo hapana. Kostiki inageuza sabuni mawese na nazi. Grisi ya gari asili yake ni mafuta ya ardhini. Halafu hedi nyingi siku hizi ni aluminiamu. Kostiki inaitafuna na kutoa haidrojeni, hewa inayolipuka. Kijana, unaoshea wapi?

Kijana_Tabata: Nyumbani, mkuu. Pana hewa ya kutosha.

FundiHedi: Nyumbani sehemu gani?

Kijana_Tabata: Koridoni. Nimepanga. Wapangaji wanapikia mkaa mwisho wa korido, lakini mimi naosha mchana na wao wanawasha jioni. Dumu la petroli lita 20 liko chini ya kitanda, nimelifunga vizuri. Hela imeshatoka, siwezi kumwaga.

Bi_Segerea: Yaani unalala juu ya petroli, na watoto wa watu wapo humo ndani? Msamvu, Morogoro, 2019 lori la mafuta lililipuka, tulizika watu zaidi ya 100. Kodi unalipa chumba, hulipi roho za wenzako.

FundiHedi: Sikiliza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka uufikie moto. Na unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli lazima ipate joto la nyuzi 50 na zaidi ndipo mvuke wake uwake. Tena petroli ina benzini, inayoleta saratani ya damu. Ndiyo maana sitaki uishike kwa mikono mitupu. Kwangua grisi kwanza kwa kijiti, loweka kwenye dizeli nje ya nyumba, vaa glavu. Malizia kwa maji ya moto na sabuni ya unga, futa, kausha. Sili za mpira zitoe kabla, zinavimba. Dizeli chafu iache itulie, chuja ya juu uitumie tena. Usiimwage mtaroni, yote inaishia Mto Msimbazi.

Jicho_Kali: Hii chai. Mwezi jana huyu alianzisha uzi akasema ni mwalimu wa Hisabati. Leo ana gia boksi. Mnapoteza muda.

Spana14: Kumbe! Na mimi nimejieleza hapa.

Kijana_Tabata: Mwalimu wa kujitolea, kaka. Posho haitoshi nauli. Ungekuwa na familia usingeniita mwongo. Petroli mafundi wote wa mtaani kwetu wanatumia, mbona hawajaungua?

FundiHedi: Iwe chai isiwe chai, yupo anayesoma hapa na dumu analo kweli. Hao mafundi wako uwanjani, wewe uko koridoni.

Kijana_Tabata: Basi dizeli nitanunua. Dumu nitalitoa kesho, jirani wa boda atachukua nusu.

FundiHedi: Leo. Kabla hawajawasha majiko. Mpe lote hata kwa bei ya hasara.

Bi_Segerea: Na mwenye nyumba umwambie.

Kijana_Tabata: Mwenye nyumba hapana. Atanifukuza. Dumu nalitoa sasa hivi.

Mdau_Kimara: Hedi ya IST unayo? Yangu imepinda gari lilipochemsha.