Naomba ushauri: mlo na mvinyo kwa wageni 40 kwenye boti, Jinja

Wadau habari zenu. Wageni 40 wanapanda boti hapa Jinja saa kumi na nusu jioni, watakuwa mtoni kwa saa mbili na nusu, na wanataka mlo pamoja na mvinyo. Nahodha hataki makaa wala gesi ndani (na ana haki, kwa upepo ule), kwa hiyo kila kitu kinapikwa nchi kavu.

Mvinyo nimeupigia hesabu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Mbili kwa kila mtu ni chupa 16: nyeupe 10, nyekundu 6. Nyeupe zitalala kwenye beseni la barafu na maji nusu kwa nusu, na chumvi kidogo. Barafu tupu huacha hewa kati ya chupa, inachelewa kupoza. Nyekundu nazo zitaingia humo dakika 15, maana ikipata joto la alasiri pombe inapanda puani.

Kinachoniumiza kichwa ni samaki. Sato wa kukaanga ukimfungia kwenye hotpoti akiwa wa moto, mvuke unamrudia na ngozi inalegea. Ukimwacha wazi anapoa. Je, nimpike kwa mchuzi wa karanga, ambao mvuke haumharibii kitu, niweke na matooke yaliyofungwa kwenye majani ya migomba? Na kwa mchuzi mzito hivyo, mvinyo mweupe mkavu utatosha, au nitafute wenye utamu kidogo? Nyekundu kali naiogopa kwa samaki, huacha ladha ya chuma mdomoni.

Glasi za kioo au plastiki ngumu?